Mashine ina kori nane, programu inatumia moja: jinsi ya kuiharakisha kabla hujanunua prosesa nyingine

Kuna dada mmoja mhasibu wa saccos alinipigia simu amekata tamaa kabisa. Alikuwa na laptopu ya kori mbili, kila mwisho wa mwezi makro yake ya Excel (amri zinazojiendesha zenyewe) ya kutoa taarifa za wanachama inamkalisha karibu saa nzima, akajibana miezi akanunua mashine ya mezani ya mtumba yenye Xeon E5-2650 v2, kori 8 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), thredi 16 (mifululizo ya kazi inayoweza kuendeshwa kwa pamoja), kaambiwa dukani hii ni mara nne ya ile ya zamani. Akaiwasha, akabonyeza batani yake, akasubiri. Saa nzima vilevile. Nilipofika nikafungua Task Manager nikakuta CPU inasoma 6%, yaani prosesa imetulia kabisa na huku makro inajikokota.

Hiyo 6% ni hesabu tu, 100 gawa kwa 16 unapata 6.25. Thredi moja inavuja jasho, kumi na tano hazina kazi.

Aliyewahi kukaa na kina mama wa pwani wakisuka mkeka hili atalielewa haraka. Ukili mmoja, yaani utepe mmoja wa mkeka, unasukwa na mtu mmoja, kila mkunjo unategemea mkunjo uliotangulia, ukiwaita watu wanane washike ukili mmoja watagombania miyaa tu hapo. Lakini mpe kila mmoja ukili wake, kili nane zinasukwa kwa mpigo halafu zinashonwa pamoja na mkeka unapatikana. Programu ya thredi moja ni ukili mmoja. Kwahiyo una njia mbili tu za kweli, ama yule msusi mmoja umwezeshe asuke kwa kasi yake yote, ama kazi uigawe iwe kili nyingi. Yote nitakayoeleza hapa chini yanaangukia kwenye mojawapo.

Na kwa nini tulifika huku? Mpaka mwaka 2004 watengenezaji walikuwa wanaongeza kasi ya saa ya prosesa tu (mizunguko yake kwa sekunde, inayopimwa kwa GHz), Pentium 4 ikafika 3.8 GHz, halafu joto likawashinda. Mwaka 2005 Intel wakaleta Pentium D na AMD wakaleta Athlon 64 X2, kori mbili mbili za mezani, na tangu hapo tunauziwa idadi ya kori. Softiwea nyingi hazikubadilika.

Hatua ya 1: hakikisha kweli tatizo ni thredi moja

Usiruke hapa maana watu wengi wanahangaika na prosesa kumbe diski ndio mbovu.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kichupo cha Details, tafuta programu yako wakati inafanya kazi ile nzito, angalia safu ya CPU. Mashine yenye thredi 4 itasoma 25, yenye 8 itasoma 12 au 13, yenye 16 itasoma 6. Ikigota kwenye namba hiyo na haipandi wala haishuki, basi umempata, ni thredi moja imejaa. Ikicheza chini zaidi, mfano 2 au 3, prosesa sio shida, programu inasubiri kitu kingine, diski au mtandao au RAM imejaa, na hapo SSD itakusaidia kuliko mambo yote ya huku chini.

Watu wanachanganyikiwa na zile grafu ndogondogo za kila kori, wanasema mbona hakuna hata moja iliyofika 100. Ni kwa sababu Windows inaihamisha thredi kutoka kori hii kwenda ile mara nyingi kwa sekunde, kwahiyo ule mzigo mmoja unaonekana kama umesambaa. Haujasambaa. Amini namba ya Details.

Kwenye Linux ni rahisi zaidi, fungua `top`, pale 100% maana yake kori moja imejaa. Au weka neno `time` mbele ya amri yako, ikimaliza linganisha real (muda uliopita kwenye saa ya ukutani) na user (muda ambao kori zimeifanyia kazi, kwa jumla): zikikaribiana ni thredi moja, user ikiwa kubwa mara kadhaa kuliko real basi tayari inatumia kori nyingi, na real ikiwa kubwa sana kuliko user ilikuwa inasubiri.

Hatua ya 2: mwache msusi mmoja asuke kwa kasi yake yote

Chukua i5-8250U, hii ipo kwenye laptopu nyingi za mtumba tunazonunua. Kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz, ila kori moja ikipata nafasi inapanda mpaka 3.4 GHz. Zaidi ya mara mbili! Hiyo ndiyo Turbo Boost, au tabo kwa kifupi, Intel wameiweka tangu kizazi cha Nehalem mwaka 2008, AMD nao wana ya kwao, na kwa programu ya thredi moja hii ndio rafiki yako mkubwa kuliko vyote. Shida ni kwamba laptopu nyingi ninazofungua zinanyimwa tabo bila mwenyewe kujua.

Cheki hivi: Task Manager, kichupo cha Performance, bofya CPU, chini kuna Speed na Base speed. Endesha kazi yako nzito uangalie ile Speed kwa dakika tano hivi. Ikikaa juu sana ya Base speed uko salama. Ikiwa imeganda palepale kwenye Base speed au inaanza juu halafu inaporomoka, tafuta sababu kwa mpangilio huu.

Chaja kwanza. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinabana kasi zenyewe. Chomeka, halafu kwenye mipangilio ya Power weka Best performance.

Pili nenda Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, tafuta Processor power management, fungua Maximum processor state. Lazima iwe 100%. Ukikuta 99% tabo imezimwa, yaani kwa hiyo asilimia moja tu. Mafundi wengine wanaweka 99 makusudi ili mashine isichemke halafu hawamwambii mwenye mashine, na mteja anaishi na nusu ya kasi miaka miwili. Hili linaniuma sana maana mtu anaishia kuuza mashine nzuri kwa bei ya kutupa.

Tatu ni joto, na hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi kuliko kwingine kote. Prosesa ikichemka inajishusha kasi yenyewe ili isiungue. Fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri kwanza, toa skurubu za feni. Katikati ya feni na zile bati nyembamba za kutolea joto utakuta vumbi limejishona kama kipande cha blanketi, la kijivu, unaweza kulitoa zima kwa koleo ndogo. Ukilitazama kwenye mwanga unaona nywele, nyuzi za nguo, unga wa barabarani. Hilo ndilo lililokuwa linaziba pumzi ya mashine. Wakati unapuliza shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo mkali unaweza kuiharibu feni. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, nayo ikiwa imekauka imekuwa kama chokaa, ifute na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele inatosha, ukijaza haiongezi kitu. Rudisha, washa, rudia kile kipimo cha dakika tano.

Nne, funga vitu vingine. Prosesa ya laptopu kama hiyo 8250U imepangiwa wati 15 za kugawana kori zote, kwahiyo kori tatu zikishughulika na vichupo arobaini vya Chrome na video, ile moja unayoitegemea inapata umeme kidogo na tabo inashuka. Ukiwa na kazi nzito funga kivinjari, simamisha apdeti, kazi ikiisha fungua tena.

Wa Linux, `powerprofilesctl set performance` au `sudo cpupower frequency-set -g performance` inatosha. RAM ya vipande viwili badala ya kimoja nayo inasaidia kwa programu zinazosomasoma data nyingi, ila usitegemee maajabu.

Hatua ya 3: kuichagulia kori, ila usitarajie makubwa

Kwenye Details bofya kitufe cha kulia juu ya programu, kuna Set priority na Set affinity. Priority iweke High, usiguse Realtime kabisa, hiyo inaweza kuigandisha mashine mpaka mausi isisogee. Affinity ni kuiambia Windows programu hii ikae kwenye kori hizi tu. Kwenye prosesa ya kawaida faida yake ni ndogo, Windows inajua kupanga kazi zake.

Pale inapofaa ni kwenye prosesa mseto, Intel kizazi cha 12 kilichotoka mwishoni mwa 2021 na vinavyofuata. Hizo zina kori kubwa na kori ndogo. Chukua i5-1235U, tangazo linasema kori 10 na ni kweli, lakini kubwa ni 2 tu, nane ni ndogo za kubana umeme. Programu yako ya thredi moja ikiangukia kwenye kori ndogo itazembea, na mara nyingine Windows inaipeleka huko hasa ukiipunguza dirisha ukaenda kufanya kitu kingine. Kwahiyo iache dirisha lake mbele, au ianzishe kwa amri hii kwenye cmd, lile dirisha la amri la Windows:

`start "" /high /affinity F programu.exe`

Hiyo F ni kori za mwanzo nne kwa hesabu ya Windows, yaani namba 0 mpaka 3, ambazo kwa kawaida kwenye 1235U ndio thredi za zile kori kubwa mbili. Kwenye Linux kazi hiyohiyo ni `taskset -c 0-3 ./programu`.

Na tafadhali, ile ya msconfig, kwenda Boot, Advanced options, kuweka alama kwenye Number of processors eti unafungua kori zote, acheni. Windows inatumia kori zote tangu ulipoiwasha. Kile kisanduku ni cha kupunguza kwa ajili ya majaribio, nimeshakuta mashine ya kori nane imefungiwa kwenye mbili kwa sababu mtu alifuata video. Ukikuta kuna alama pale, iondoe uwashe upya.

Hatua ya 4: gawa kazi, kila msusi ukili wake

Hapa ndipo penye faida yenyewe. Programu hata kama ni ya thredi moja, hakuna anayekukataza kuifungua mara nne.

Tuseme unarekodi mawaidha au mahubiri, una faili 60 za WAV unataka ziwe MP3 kwa kutumia lame, programu ya kugeuza faili za sauti. Lame inatumia thredi moja. Kila faili ikichukua dakika moja hapo ni saa nzima. Lakini faili namba 7 haihitaji chochote kutoka faili namba 6! Kila moja ni ukili wake. Linux:

`find . -name '*.wav' -print0 | xargs -0 -P 4 -n 1 lame --quiet -b 128`

Hiyo `-P 4` inasema endesha nne kwa wakati mmoja, moja ikiisha chukua inayofuata. Kihesabu saa moja inakuwa dakika 15, kiuhalisia inazidi kidogo maana kori zote zikiwa kazini tabo inashuka, ila bado ni tofauti ya kwenda kunywa chai na kwenda kulala.

Kwenye Windows bila kuandika amri yoyote, gawa faili kwenye folda nne, fungua madirisha manne ya ile programu, kila moja ipe folda yake. Ni njia ya kienyeji na inafanya kazi vizuri kabisa. Excel tu ndio ina kasoro yake, ukifungua mafaili mawili kwa kawaida yanaingia kwenye Excel moja, makro ya faili hili inazuia lile. Ili upate Excel ya pili ya kweli bonyeza Win+R andika `excel /x`, halafu fungua faili ukiwa ndani ya hiyo.

Tahadhari kabla hujagawa. Usiruhusu nakala mbili ziandike kwenye faili moja au database moja ambayo haikuandaliwa kwa hilo, utakuja kulia. Hesabu RAM, kila nakala inakula yake, nakala nne za GB 3 kwenye mashine ya GB 8 zitaanza kuazima diski na utakuwa polepole kuliko ulivyoanza. Na idadi ya nakala anza na kori halisi sio thredi, yaani kwenye kori 4 thredi 8 anza na 4, jaribu 6, pima, chukua inayokupa muda mfupi.

Kuna ukuta pia. Ule ushonaji wa kili kuwa mkeka lazima ufanywe mwishoni na hausukwi na watu wanane. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967. Chukua kazi ya dakika 60, dakika 48 zinagawika, 12 hazigawiki. Kori 4 utapata 12 jumlisha 12, yaani 24. Kori 8 utapata 18. Kori mia moja bado hutashuka chini ya 12. Kwahiyo ukitoka kori 4 kwenda 8 unaokoa dakika 6 tu, piga hesabu hiyo kabla hujatoa hela.

Hatua ya 5: huenda kuna mwenzake anayetumia kori zote

Hii ni fupi. Kama unabana mafaili kwa `gzip`, weka `pigz`, amri ni zilezile na faili linalotoka linafunguka na gzip ya kawaida. `xz` mpe `-T0`, `zstd` nayo `-T0`. Unajenga programu kwa `make`, andika `make -j4`. Kabla hujahangaika na mengine tafuta kwenye mipangilio ya programu yako neno threads au cores, mara nyingi lipo na limewekwa 1.

Hatua ya 6: kama kodi (maandishi ya programu yenyewe) ni yako, anzia hapa kabla ya kori

Narudi kwa yule dada. Excel tangu toleo la 2007 inakokotoa fomula kwa thredi nyingi, ila makro za VBA, lugha ya makro ya Excel, zinaenda kwa thredi moja, na fomula zinazotumia INDIRECT nazo hazigawiki. Makro yake ilikuwa inasoma seli moja, inaandika seli moja, inarudia maelfu ya mistari, na kila akiandika Excel inakokotoa upya kitabu kizima na kuchora skrini upya. Tukaiweka hivi:

`Application.ScreenUpdating = False`
`Application.Calculation = xlCalculationManual`
`d = Range("A2:H9000").Value`
hapa katikati kazi yote inafanyika ndani ya `d`, sio kwenye seli
`Range("A2:H9000").Value = d`
`Application.Calculation = xlCalculationAutomatic`
`Application.ScreenUpdating = True`

Yaani data inabebwa yote mara moja, inafanyiwa kazi kwenye kumbukumbu, inarudishwa mara moja. Angalia tu lile eneo unaloandikia lisiwe na fomula maana zitafutika zibaki namba, fanya kwenye nakala kwanza.

Wa Python, thredi za kawaida hazitakusaidia kwenye kazi ya hesabu kwa sababu ya ile kufuli inayoitwa GIL, thredi moja tu inaendesha kodi ya Python kwa wakati. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 limeleta aina ya majaribio isiyo na kufuli hiyo, lakini kwa kazi ya leo tumia michakato (nakala kadhaa za Python zinazojitegemea) badala ya thredi:

`from multiprocessing import Pool`
`if __name__ == "__main__":`
`    with Pool(4) as p:`
`        matokeo = p.map(kazi, mafaili, chunksize=10)`

Ule mstari wa `if` usiuache, kwenye Windows bila huo inajizaa yenyewe kwa yenyewe mpaka ilete kosa. Na kabla hata ya Pool angalia kama unatafuta kitu ndani ya orodha ndefu ndani ya kitanzi (sehemu ya kodi inayojirudia), orodha hiyo ibadilishe iwe kamusi (dict) au seti (set), nimeona skripti za nusu saa zikiisha kwa sekunde chache kwa badiliko hilo peke yake na kori ileile moja.

Watu wananiuliza, kwani haiwezekani prosesa yenyewe iunganishe kori zake ziwe kori moja kubwa? Mwaka 2006 kulizagaa uvumi kuwa AMD wanaleta kitu hicho, ukaishia kuwa uvumi. Watafiti wamejaribu njia nyingi, mfano mwaka 2010 wa North Carolina State University walichukua kazi ya kugawa kumbukumbu ndani ya programu wakaihamishia thredi ya pembeni, programu zikaenda haraka mpaka asilimia 20 bila kuandikwa upya. Ni kazi nzuri sana, ila hakuna kiprogramu cha kupakua kitakachokuunganishia kori leo, anayekuuzia hicho muache.

Ukishafanya yote na bado lazima ununue, usinunue idadi ya kori. Hiyo Xeon E5-2650 v2 ya mwaka 2013 inafika 3.4 GHz kwa tabo. Core i3-12100 ina kori 4 tu, inafika 4.3 GHz, na kwa kila mzunguko wa saa inafanya kazi nyingi zaidi kuliko ile kwa sababu ni ya kizazi kipya, kwa makro ya yule dada hiyo i3 ndogo inaiacha Xeon mbali. Tafuta alama za jaribio la thredi moja za prosesa zote mbili, linganisha hizo. Kama kazi yako ni ya kugawa faili mia nne, hapo sawa, Xeon itakulipa.

Ile mashine yake hatukuiuza. Makro imeandikwa upya, tabo inafanya kazi baada ya kuirudisha 100% ile 99% aliyoikuta imeshawekwa kwenye mashine, na taarifa za matawi tumezigawa kwenye Excel nne za `/x`. Mwisho wa mwezi uliopita alinitumia picha ya Task Manager, safu ya Excel zipo nne na kila moja inasoma 6.